Salome Haimbi Tena

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri. Mwaka 2016, nikiwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, nilipanda jukwaani mbele ya wanachuo wenzangu nikiwa nimepakwa madoa meupe usoni, shanga zimejaa shingoni, kitambaa cha madoadoa ya chui kimenibana kiunoni, nikawaambia watu kwamba mimi ni Mhaya. Ukumbi ulipiga makofi mpaka basi. Usiku uleule picha zilikuwa zimeshafika kwenye simu za watu nisiowajua. Miezi miwili baadaye nilimwonyesha bibi yangu, mama yake baba, ambaye alizaliwa Uhaya, akaolewa Uhaya na kuzeekea hukohuko. Aliangalia kimya, kisha akaniuliza, "Hawa ni watu wa wapi?"

Swali hilo sijalimaliza mpaka leo. Ndilo linalonifanya niandike haya, na naomba mnivumilie kama nitazunguka kidogo kabla ya kulirudia.

Vijana tunapozungumziwa, iwe kwenye semina, msikitini, kanisani au kwenye vikao vya harusi, wimbo huwa ni mmoja: video za muziki zinawapoteza. Mnaiga Wazungu, mnaiga Wamarekani weusi, suruali zinaning'inia, nywele za kununua, kasumba tupu, mmesahau asili yenu. Na dawa wanayotuandikia nayo huwa ni moja: rudini kwenye asili. Sasa mimi, wazee wangu, nilirudi. Nilirudi kwenye asili kwa kupitia video ya muziki, na ndiko nilikopotelea. Kwa hiyo nadhani ugonjwa tumeupa jina lisilo lake.

Kwanza, kuiga hakukuja na televisheni. Babu wa babu zetu wa pwani walicheza beni. Vikundi vyao vya Marini na Arinoti vilijipanga kama jeshi, na vyeo vya kijeshi, na sare, na mwendo wa paredi waliouona kwa wakoloni. Ukiwatazama juujuu utasema ni watumwa wa mawazo waliotamani kuwa Wazungu. Lakini ndani ya sare zile walikuwa wanagombea heshima ya mtaa wao, wanatungiana nyimbo za kusutana kwa Kiswahili, wanazikana na kusaidiana. Nguo ilikuwa ya mgeni, ugomvi ulikuwa wa kwao.

Televisheni yenyewe ilichelewa kutufikia. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, lakini Bara tulisubiri mpaka 1994 vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha. Kabla ya hapo picha zilikuja kwa kanda, zikaonyeshwa kwenye vibanda vya video kwa kiingilio. Baba yangu ni mtoto wa vibanda hivyo. Anausimulia mwezi Februari 1992, Michael Jackson alipokuja Dar es Salaam na kwenda mpaka Sinza kuwaona watoto wenye ulemavu wa akili. Mwezi huohuo ndipo ilipotoka video ya "Remember the Time", iliyoongozwa na John Singleton, yenye Misri ya kale, Eddie Murphy akiwa Farao na Iman, binti wa Kisomali, akiwa malkia. Kanda ilipofika kibandani kwao baba aliingia mara tatu kwa siku moja. Anasema Michael alicheza, sawa, lakini yeye alikuwa anatazama viti vya enzi. Hakuwahi kuona mtu mweusi amekaa kwenye kiti kama kile kwenye skrini.

Simlaumu baba. Angeshibaje, wakati filamu zote alizozijua zilimwonyesha mtu kama yeye akibeba mizigo nyuma ya Mzungu mwenye kofia? Ila nataka tulishike jambo moja: Misri ile ilijengwa studio, Marekani. Ilikuwa Afrika ya kubuni, imetengenezwa na watu wenye kiu ya Afrika, ikatumwa kwetu sisi tuliokuwa ndani ya Afrika, na sisi tukaipokea kama zawadi kutoka nyumbani. Hilo lilitokea kabla sijazaliwa. Mimi nimelirithi tu.

Wakati huohuo vijana wetu walikuwa wameanza kurap. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliuchukua mdundo wa "Ice Ice Baby" akaweka Kiswahili juu yake, na wapo waliomcheka kwamba ameiba. Baadaye akaja Mr. II, ambaye leo wengi wanamwita Sugu. Mtazame alivyovaa miaka ile: suruali pana, kofia, mabuti, utadhani ameshuka kwenye treni ya New York. Halafu msikilize. Wimbo wake "Hali Halisi" wa mwaka 1998 ulikuwa unazungumza na serikali ya hapahapa kuhusu maisha ya hapahapa, na mtu huyohuyo mwaka 2010 wananchi wa Mbeya Mjini walimpeleka bungeni. Tena naona yaleyale ya beni. Nguo ya mgeni, ugomvi wa kwetu.

Sasa nifike kwangu.

Nyumba yetu ilikuwa Tabata. Baba ni Mhaya wa Muleba, mama ni Mbondei wa Muheza, wakakutana mjini, lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili. Kihaya nilikijua kwa harufu tu, kama chakula cha jirani. Na mjini, kuwa Mhaya ni kuwa mada ya utani. Eti Wahaya wana maringo, eti Mhaya akikohoa anakohoa kwa Kiingereza. Utani si kesi, najua, lakini mtoto wa miaka sita hajui utani unaishia wapi. Nilipoulizwa kabila nilikuwa nasema la mama.

Ndipo mwaka 2001 akatokea Saida Karoli. Wimbo wake "Maria Salome", ambao wengi tuliuita "Chambua Kama Karanga", ulikuwa kila mahali: kwenye daladala, saluni, kwenye harusi za watu wasiojua Kagera iko upande gani wa ramani. Televisheni ilikuwa kwa jirani, mama Asha, nasi watoto tulikaa sakafuni. Saida alipotokea, mama Asha alisema kwa sauti, "Huyu ni wa kwao baba yako." Watoto wote wakanigeukia. Walikuwa wananitazama kwa wivu! Sikujua neno hata moja alilokuwa anaimba kwa Kihaya, lakini nilitingisha kichwa kana kwamba nayaelewa yote, na wiki nzima ile shuleni nilikuwa mfasiri wa uongo. Kila aliyeniuliza maana nilimtungia yake.

Leo nikijaribu kukumbuka Saida alivaa nini, sikumbuki, nguo wala viatu. Nakumbuka sauti. Nyembamba, imenyooka, inapita juu ya ngoma kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya kilima. Alikuwa mwanamke anaimba lugha ya bibi yangu, na nchi nzima imenyamaza inamsikiliza. Kilichonifanya niache kusema kabila la mama ni sauti ile.

Miaka kumi na tano ikapita. Muziki wa kizazi kipya ukakua, ukapata fedha. Kufikia 2013 hivi wasanii wetu wakubwa walikuwa wanapanda ndege kwenda Afrika Kusini kupiga video, ili ziwe na kiwango cha kuonyeshwa Lagos na Johannesburg. Nayasema haya bila kejeli. Kabla ya hapo tulikuwa tunalalamika kwamba video zetu zina giza, kamera inatetemeka, na mwenye nyumba anachungulia dirishani katikati ya mapenzi. Zilipong'aa tulifurahi wote, na mimi nilikuwamo.

Septemba 2016 Diamond Platnumz akatoa "Salome" akiwa na Rayvanny. Ni wimbo wa Saida umerudiwa upya: kiitikio kinatambulika palepale, mdundo umekuwa wa klabu. Na video! Baada ya miaka ya magari ya kukodi na mabwawa ya kuogelea, hawa walikuja na asili. Mapambo ya kiasili, wachezaji wengi, rangi za udongo. Na Salome mwenyewe yumo, mwanamitindo Hamisa Mobetto, mrembo kweli, huwezi kumbishia. Ilikuwa video nzuri kuitazama, na nitakuwa mnafiki nikisema niliichukia. Niliiangalia mpaka bando likaisha.

Mwezi uliofuata chuo kikatangaza usiku wa utamaduni. Kila kundi lilete ngoma ya kwao. Sisi wa Kagera tulikuwa saba, na kati ya saba, mmoja tu ndiye aliyezijua ngoma za kwao kwa kuzicheza. Alikuwa kijana mtaratibu wa Karagwe. Alitueleza hatua, akatueleza jinsi wapigaji wanavyokaa. Tulimsikiliza dakika kumi. Kisha mwenzetu mmoja akafungua simu akasema, "Jamani, hii hapa imeshapangwa." Tukajifunza kutoka kwenye simu. Kijana wa Karagwe akapewa kazi ya kubeba spika.

Nani awe Salome? Nilikuwa mwembamba kuliko wote, nikachaguliwa. Kazi yangu ilikuwa kuingia polepole, kusimama katikati, kuzunguka, kutazama juu ya bega. Vijana wawili walijifanya wanaimba huku spika ikiimba. Nilifanya vizuri, wanasema. Kuna picha moja ambayo mpaka leo mtu akiiona anasema, "Duh, Mwafrika halisi."

Basi, Desemba nikapanda basi kwenda Muleba kumwona Bibi. Ulikuwa msimu wa senene. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani, sinia mapajani, anawanyonyoa mabawa na miguu, vidole vinakwenda vyenyewe huku macho yako kwenye njia inayopita kwenye migomba. Nikakaa nimsaidie, nikawa naharibu zaidi ya kusaidia. Jioni, nikiwa na hamu ya kusifiwa, nikamwonyesha simu.

"Hawa ni watu wa wapi?"

"Ni sisi, Bibi. Wahaya."

"Wahaya wa wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Hakukasirika pia, ningependa hilo lieleweke. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeonyeshwa picha ya ukoo anaojitahidi kuukumbuka. Nikamwambia ngoma ni ya Salome, ya Saida. Uso ukafunguka. "Ah, Saida!" Saida alimjua. Kisha akaisogeza simu karibu na macho.

"Na Salome ni yupi?"

"Ni mimi, Bibi. Huyu hapa wa katikati."

Akatazama mpaka mwisho. "Mbona huimbi?"

Nilimweleza kwamba katika hii wanaoimba ni wanaume, mimi nacheza tu. Akarudisha simu, akarudi kwenye senene wake. Baada ya muda akasema, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, kwamba mama yake alivaa nguo ya magome ya mti, na yeye siku ya harusi yake alivaa gauni refu lililoshonwa na fundi Mhindi wa Bukoba mjini, na siku hiyo waliimba mpaka sauti zikakauka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama gauni ni la Kihaya.

Ndugu zangu, hapo ndipo uhakiki wangu wote ulipo. Nilisoma miaka mitatu chuoni, lakini swali la bibi mwenye sinia la senene limeipasua video ile kuliko nadharia yoyote niliyofundishwa.

Fikirini pamoja nami. Mwaka 2001 wimbo una mwanamke anayeimba. Mwaka 2016 wimbo uleule una wanaume wawili wanaoimba na mwanamke anayeimbiwa. Jina limebaki, kiitikio kimebaki, tena mapambo ya Kiafrika yameongezeka. Kilichotolewa ni kinywa. Salome amehamishwa kutoka kwenye maikrofoni akawekwa mbele ya kamera, na kwa kuwa amepambwa vizuri sana hakuna aliyeona kwamba amehamishwa. Mimi sikuona, na nilikuwa nimesimama mahali pake!

Na ule "Uafrika" wake? Ni ule wa Misri ya Michael Jackson, umerudi nyumbani kwa ndege. Ni Afrika isiyo na wilaya. Haina Muleba, haina Karagwe, haina fundi Mhindi wala nguo ya magome, haina lugha ambayo mtu anaweza kukosea matamshi yake. Kwa sababu si ya mtu yeyote, kila mtu anaweza kuivaa, na ndiyo maana inauzika Lagos, Paris na Dar kwa pamoja. Mr. II alivaa New York akatuambia habari za Tanzania. Mimi nilivaa "Afrika" na sikuwaambia watu habari ya mahali popote. Kati yetu sisi wawili, nani alikuwa amesahau asili?

Naomba nisimwonee msanii. Diamond hakuniambia nimfukuze kijana wa Karagwe kwenye mazoezi. Video ile haikuandikwa chini yake kwamba ni ngoma ya Wahaya. Sisi ndio tulioibandika jina hilo. Tena ina thawabu yake: vijana wengi waliokuwa hawajamsikia Saida walimtafuta kwa sababu ya wimbo huo, na Saida mwenyewe mwaka 2017 alirudi na "Orugambo". Ukimkumbusha mtu mzazi wake aliyesahauliwa, hata kama umemkumbusha kwa biashara, umefanya jambo. Hayo nayakubali.

Nisichokubali ni kile wakubwa wanachotufundisha kukitazama. Mwaka huohuo wa 2016, mwezi Mei, serikali iliipiga marufuku video ya "Chura" ya Snura kwa sababu ya maadili. Magazeti yalijaa viuno. Mimi pia sikuipenda namna kamera ile ilivyokuwa inachungulia. Lakini angalieni mjadala ulivyokwenda: kipimo kilikuwa nyonga inatingishika kiasi gani na nguo ina urefu gani. Kwa kipimo hicho mwanamke aliyeimba mwenyewe alifungiwa, na mwanamke aliyesimama kimya kwa mapambo ya asili akawa fahari yetu. Hakuna aliyeuliza nani anaimba na nani anatazamwa. Tungeuliza hivyo, huenda video zote mbili tungezisema vingine.

Rafiki yangu mmoja, mshikaji wa siku nyingi na mpiga picha za harusi, aliposoma rasimu ya makala haya alinijia juu. "Wewe unataka muziki uwe somo la uraia? Watu wamechoka na maisha, wanataka kucheza. Na wewe mwenyewe ulitamba siku ile, usijifanye." Ana haki. Nilitamba. Nilipozunguka pale katikati, macho mia tatu yakiwa juu yangu, nilijisikia mtu kuliko nilivyowahi kujisikia, na sitaki kuikana furaha ile kwa sababu tu sasa naandika kwenye jarida. Namjibu hivi: ndiyo, nilijisikia mtu, lakini nilijiona kwa macho ya mtazamaji. Mpaka leo nikikumbuka usiku ule najiona kwa mbali, kama nimekaa safu ya nyuma. Sikumbuki nilichokuwa nakisikia, kwa sababu hakikutoka kwangu. Ila nikikumbuka nilivyokuwa mfasiri wa uongo wa Saida, nikiwa na miaka sita, nasikia koo langu mwenyewe likitunga. Uongo ule wa utotoni ulikuwa na mimi ndani yake zaidi ya "uhalisi" wote wa chuoni.

Hilo ndilo naliona video inavyoweza kumfanyia kijana. Si lazima imfundishe kuwa Mmarekani. Inaweza kumfundisha kuwa Mwafrika, Mhaya, Mmasai au Mswahili wa pwani, lakini kwa sharti moja: awe hivyo kwa kutazamwa. Atajua rangi ya kupaka na pembe nzuri ya kamera. Ukimwambia aseme kitu, atatafuta spika iko wapi.

Na msiniambie kwamba picha na sauti haviwezi kukaa pamoja, kwa sababu vimewahi kukaa. Siti binti Saad alirekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, na watu wa pwani yote waliokuwa hawajawahi kumwona walijiona ndani ya sauti yake. Taarabu iliyomfuata ilimpa mwanamke jukwaa ambalo anasimama anaimba na watu wanainuka kwenda kumtuza. Watazamaji ndio wanaotembea kumfuata. Khadija Kopa amelishika jukwaa hilo miaka na miaka, na binti yake Zuchu alipoingia Wasafi mwaka 2020 aliingia na video zenye kila pambo la leo, lakini maikrofoni ni yake. Unaweza usizipende nyimbo zake zote. Mimi sizipendi zote. Lakini mtoto wa kike wa miaka sita anayekaa sakafuni kwa jirani leo anaona kwamba aliyepambwa ndiye anayeimba, na hilo si dogo. Hata Hamisa Mobetto, Salome wetu aliyekaa kimya, baadaye aliingia studio akaanza kutoa nyimbo zake mwenyewe. Niliposikia nilicheka peke yangu kwenye daladala. Nikasema, Bibi angefurahi.

Niwaambie kilichobaki, kisha nimalize.

Siku ya mwisho kule Muleba nilimwomba Bibi aimbe moja ya zile nyimbo za harusi yake. Nikainua simu nimpige video. Akakunja uso: "Weka chini kidude hicho." Nikakilaza kifudifudi kwenye mkeka, na kwa kweli sikukizima. Akaimba. Aliimba wimbo wote, akasahau mahali, akarudi nyuma, akaimba tena, akapiga sinia kwa vidole. Alipomaliza nilimwambia ukweli kwamba kilikuwa kinanasa. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akacheka. "Kimeniona?" Nikasema hapana, kimekusikia tu. "Basi, waitu, kaa nacho."

Bibi alifariki mwaka 2020. Ninayo video hiyo. Ni dakika sita za giza tupu, na ndani ya giza kuna sauti ya bibi mzee na sinia. Nusu ya maneno siyaelewi. Nimemtafuta yule kijana wa Karagwe, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari, nikamwomba msamaha wa ile spika tuliyombebesha, na tunauandika wimbo huo neno kwa neno kila Jumapili kwa simu. Lafudhi zetu hazifanani kabisa, tunabishana sana, na yapo maneno mawili ambayo hata yeye yamemshinda. Nimeanza kuuimba. Naimba vibaya, na matamshi yangu yanamchekesha mpaka anakata simu.

Lakini siku hizi mtu akiniuliza wewe ni wa wapi, sitafuti picha ya kumwonyesha. Nafungua kinywa, nakosea, narudia tena.

Anayeona nimemwonea msanii, au nimewaonea wazee, au nimejionea huruma mwenyewe, aandike. Kurasa hizi ni zetu sote, na ubishi si uadui.